Niliyomwambia Kuku

Nimewahi kulihutubia soko zima la Kachibora kwa kipaza sauti kilichokwaruza, wauza vitunguu wakinicheka na wanunuzi wa ng'ombe wakinipigia kelele nishuke, na sikutetemeka hata kidogo. Lakini baba mkwe wangu nilimsemesha kupitia kuku.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili, simu za mkononi zilipokuwa ndio kwanza zinaingia mifukoni mwa watu, na aliyekuwa nayo anaongea kwa sauti ili soko lote lijue anayo. Nilikuwa nimepanga chumba Matisi, pale Kitale, na kazi yangu, ukiniuliza, ilikuwa kupayuka. Mradi mmoja mdogo ulikuwa na gari kuukuu lenye spika juu. Siku za soko dereva alinishusha, nikapanda juu ya kreti ya soda, nikaanza. Kwa nini mtoto apewe chanjo hata kama ni mzima. Kwa nini choo kichimbwe mbali na kisima. Kwa nini mnara wa simu uliosimamishwa kilimani haufukuzi mvua. Hilo la mnara lilinitesa sana. Mzee mmoja aliniuliza, kama mnara hauna ubaya, mbona umezungushiwa seng'enge? Nilimwambia wenyewe wanaogopa mafuta ya jenereta yataibwa, na jibu hilo akalielewa mara moja, kuliko yote niliyokuwa nimesema kuhusu mawimbi.

Niliipenda kazi ile, bana. Mpaka leo nikisikia spika inakoroma mahali, moyo unanilegea. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikufichi, na mtu akinibishia bila kusikiliza damu inanichemka. Lakini pale juu ya kreti hasira yenyewe iligeuka kuwa utani, na watu wakanizoea. Somo langu kubwa lilikuwa la kuchemsha maji. Nilikuwa naita, "Moto?" na soko zima linaitikia, "Unaua!" Naita tena, "Moto?" Wanaitikia hata wale waliokuwa wanalipa nyama kwa muuzaji. Watoto waliniimbia hivyo barabarani. Nilijiona nimefika.

Sasa niseme kuhusu ndoa yangu, maana bila hiyo hutaelewa habari ya kuku. Nyumbani kwetu ni Kachibora. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakiwa vijana, wakapata shamba, na baba yangu akawa mtu wa mahindi mwili na roho. Nikaolewa Kabuchai, Bungoma, kwa Wabukusu. Kwetu baba mkwe ni mzazi kama wazazi wengine, unamsalimia, unamletea chai, mnaongea habari za bei ya mbolea. Kule nilikoolewa, mambo ni mengine. Mke wa mwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hampeani mkono. Huli mbele yake. Ukimwona njiani unampisha. Wengine siku hizi wamelegeza, lakini mzee wetu alikuwa wa kale, na katika boma lake sikuwahi kumsikia akiniita wala mimi sikuwahi kumwita.

Tulikuwa tunawasiliana kupitia mume wangu au mama mkwe. Wasipokuwepo, mzee alikuwa na njia yake. Alikuwa na kuku mmoja mwekundu, jike, aliyemwendea hadi miguuni pake bila woga. Mzee akitaka chai, atakaa kwenye kigoda chake karibu na ghala na kumwambia kuku, "Sijui watu wa jikoni wamelala?" Mimi nasikia jikoni, nacheka peke yangu, natengeneza chai, namtuma mtoto aipeleke. Siku moja nilipozidisha chumvi kwenye mboga, kuku aliambiwa ahame aende Ziwa Magadi. Nilichukia siku nzima. Leo ningetoa kitu nisikie masimango yale tena.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwaka wa kutahiri. Kule Bungoma watu huzungumza juu ya Agosti ya tohara miezi mingi kabla. Mjukuu wa kwanza wa mzee, mtoto wa shemeji yangu mkubwa, alikuwa anaingia jandoni. Na hakuna tohara bila busaa, pombe ya mahindi. Si ulevi peke yake. Pombe ile ni sehemu ya shughuli yenyewe. Kijana mwenyewe ndiye anayeteka maji na kuyamimina kwenye mtungi wa pombe, na akishamimina, siku yake imefungwa. Pombe ikiiva, naye yuko tayari. Huwezi kusema subirini kidogo.

Baba yangu aliposikia habari hiyo alifurahi kupita kiasi. Alipakia magunia ya mahindi kwenye pikapu ya jirani, akayapeleka Kabuchai mwenyewe. "Wakwe zetu wasiseme Kachibora kuna njaa," alisema. Mzee alimpokea kwa heshima zote, na majirani wakaja kutazama magunia. Nilikuwepo. Nilivimba kichwa, nitakudanganya nini? Mke aliyetoka mbali, wa kabila lingine, halafu kwao wanaleta shehena kama ile! Hata mama mkwe alinisifu mbele ya watu, na hakuwa mtu wa kusifu.

Baada ya hapo ndipo mradi ulituita Kitale kutufunza somo jipya. Lilikuwa la ukungu wa mahindi. Tulielezwa kwamba mahindi yakifungwa kabla hayajakauka yanaota ukungu, na ukungu mwingine unatoa sumu inayokula ini. Ukila nyingi inaweza kukuua upesi. Ukila kidogo kidogo inakumaliza polepole. Kwa macho huwezi kujua ukungu upi una sumu na upi hauna, kwa hiyo ukiuona, mahindi hayo yasiliwe na mtu, wala ng'ombe, wala kuku. Nikauliza, je, yakipikwa? Yule mtaalamu akatikisa kichwa. Sumu ile haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa.

Nilikaa pale na kalamu mkononi, nikaacha kuandika. Maana nilijua kitu ambacho mtaalamu hakukijua. Kwetu sote, Kitale hadi Bungoma, mahindi yaliyooza hayatupwi. Mazuri yanaliwa, mabovu yanatengwa ya busaa. Unga wake unachachuliwa, halafu unakaangwa kwenye bati juu ya moto mkali mpaka uwe kahawia. Na kila mama anayekaanga anajua kwamba moto umeshamaliza ubaya wote. Kama hakuwa anajua, mimi nilishamfundisha kwa spika.

Nilishuka Kabuchai mwisho wa wiki kusaidia matayarisho. Kijana alikuwa ameshaanza kuzunguka kwa jamaa zake akipiga njuga, anawaalika mmoja mmoja. Mume wangu alikuwa kazini Lodwar na asingefika mpaka siku yenyewe. Nikaingia uani, nikaona mahindi ya baba yangu yametandazwa juu ya turubai mbele ya ghala. Kesho yake yalikuwa yaende kwenye mashine ya kusaga.

Nilichota kiganjani. Punje zilikuwa na rangi ya kijani kwenye mdomo, nyingine nyeusi, na harufu ilinipiga puani. Si gunia moja. Nilipekua huku na kule, kila mahali ni yale yale. Baba yangu alikuwa amevuna mvua ikinyesha, nililikumbuka hilo sasa, akayafunga yakiwa bado na maji ndani kwa kuogopa wezi. Na mzee, kwa ustaarabu wake, hakusema neno. Aliona yameoza, akaamua tu kwamba yote yawe ya busaa.

Nikamfuata mama mkwe jikoni. Nikamweleza polepole, kwa adabu, kwamba mahindi yale hayafai hata kwa pombe. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho.

"Si tutakaanga," alisema.

"Hata yakikaangwa, mama. Sumu inabaki."

"Moto unaua. Si wewe ndio ulitufunza?"

Nikasema moto unaua vidudu vya maji, hii ni kitu kingine. Akaweka kisu chini. "Leo moto unaua, kesho moto hauui. Nyinyi watu wa spika mnatuchezea. Halafu hayo ni maindi ya baba yako. Nikasema ni mabaya, wakwe watasikia aje? Mimi sitapereka maneno kama hayo kwa mzee. Ghala ni yake. Mwambie mwenyewe."

Mwambie mwenyewe! Alijua siwezi. Nilitoka pale machozi yakinilenga kwa hasira. Nikawaza mambo mengi mabaya. Nikinyamaza, ukoo mzima utazunguka mtungi mmoja na kunyonya kwa mirija ile sumu: wazee, mashemeji, mume wangu, baba yangu mwenyewe atakayekuja na blanketi ya zawadi. Nikisema, nimewaambia watu nilioolewa kwao kwamba kwetu tuliwaletea uozo. Na shughuli itabaki bila pombe, kijana ameshaita watu. Hakuna mke anayesamehewa jambo kama hilo, hasa aliyetoka mbali.

Niliporudi uani, mzee alikuwa kwenye kigoda chake, ananoa panga kwa tupa. Mgongo ameugeuzia turubai. Na yule kuku mwekundu alikuwa katikati ya mahindi, anadonoa kwa raha zake.

Sikupanga. Maneno yalinitoka tu. "Wewe kuku, toka hapo! Hayo mahindi yana sumu."

Tupa ikasimama. Halafu ikaendelea. Nikadhani basi, limepita. Ndipo mzee akasema, macho yakiwa kwenye panga, "Kuku, umesikia? Ati sumu. Na sisi tuliambiwa moto unaua. Muulize huyo aliyekwambia, moto umeacha kazi lini?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mzee kunijibu. Nilikaza leso kichwani, nikasimama mbali vile inavyotakiwa, nikamwangalia kuku.

"Kuku," nikasema, "moto haujaacha kazi. Moto unaua kitu kilicho hai. Kidudu cha maji machafu kiko hai, ndiyo maana kinakufa. Ukungu nao utakufa. Lakini sumu ambayo ukungu umeshaacha ndani ya punje haina uhai. Utauaje kitu ambacho hakijawahi kuishi?"

"Kuku, hayo ni maneno ya vitabu."

Nilikasirika, nikataka kusema kitu kibaya, nikajizuia. Kwenye soko ningepiga utani. Hapa nilihitaji kitu cha mzee mwenyewe. Nikakumbuka kwamba kabla hajazeeka alikuwa mtu wa josho. Miaka mingi alisimamia dipu ya ng'ombe, akipima dawa ya kupe, na watu bado walimwita kwa kazi ile.

"Kuku," nikasema, "kulikuwa na mzee mmoja wa dipu. Tuseme dawa ya kupe imemwagikia sukuma wiki yake. Atamwambia mkewe aichemshe sana, halafu wale?"

Nikaona nimevuka mpaka, nimemtaja yeye mwenyewe mbele yake kama mtu wa rika langu. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee aliweka panga kwenye nyasi, akageuka, sasa akayatazama vizuri yale mahindi.

"Kuku," alisema polepole, "dawa ya dipu haichemshwi. Tulikuwa tunazika hata debe lake." Akachota punje, akazinusa. "Kumbe ni hivyo. Moto unaua mdudu, hauui dawa."

Nimefundisha watu wengi, lakini sijawahi kusikia somo langu likirudishwa kwa ufupi namna ile. Nilisahau adabu nikatabasamu. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Kuku, na hao waliotuletea walijua?"

"Hawakujua, kuku. Mvua iliwakuta shambani. Walileta kilicho bora walichokuwa nacho. Walileta kwa furaha." Hapo nililia, sitaki kusema uongo. Nilimwona baba yangu kwenye ile pikapu, amevaa koti lake la kanisani, ameshikilia gunia lisianguke.

Mzee hakunitazama. Alimsukuma kuku kwa mguu, taratibu, mpaka akatoka kwenye turubai. "Basi, kuku, toka hapo," alisema. "Mambo mengine niachie mimi."

Alichimba shimo mwenyewe nyuma ya migomba, akayazika mahindi yote ya Kachibora. Kisha akachukua fimbo yake akaenda kwa majirani, boma kwa boma. Sikujua anasema nini huko. Niliona tu watu wanakuja na mahindi, huyu debe, yule kikapu, makavu, meupe, na mama mkwe anayapokea bila kuniangalia. Wanawake wakacheka jikoni. Mmoja akaniambia, "Pole jamani, kumbe ghala la mzee linavuja? Amesema yeye mwenyewe ati maji yameingia yakaharibu mahindi yote ya wakwe."

Pale Kabuchai mwanamume anaweza kuchekwa kwa mambo mengi akavumilia. Kuchekwa kwa ghala ni kitu kingine. Ghala ndilo sura ya mwenye boma. Mzee yule, aliyepima dawa ya watu wote bila kukosea, alizunguka mlango kwa mlango akijitangaza kuwa mtu asiyeweza kuezeka ghala lake.

Kijana alimimina maji yake, pombe ikaiva, shughuli ikawa. Baba yangu alifika na blanketi. Baada ya salamu mzee alisimama mbele ya watu akasema, "Mkwe, mahindi yako yalikuwa mazuri sana. Makosa ni yangu, ghala langu lilivuja. Unisamehe." Baba yangu alilitazama ghala. Ni mkulima, macho yake hayakosei mabati. Kisha akamtazama mzee, wakatazamana hivyo, na baba akasema tu, "Mvua ya mwaka huu, mkwe, haina adabu." Wakakaa pamoja wakanyonya mirija mpaka jua likashuka. Kuku wengi walichinjwa siku hiyo. Yule mwekundu hakuguswa.

Msimu uliofuata baba yangu aliyaanika mahindi yake mpaka majirani wakamdhihaki, ati anayakaanga kwa jua. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia.

Baada ya hapo nililibeba somo la ukungu kila soko, na njia ya kufundisha nikaibadilisha. Niliacha ile "Moto unaua." Nilimtafuta mtu mmoja mbele, nikamsemesha yeye habari za dawa ya kupe na sukuma wiki, na wengine wakasikiliza kama wanadokoa maneno yasiyo yao. Mtu mzima husikia zaidi asiposemeshwa. Hilo nililijua kwa nani, wewe unajua.

Halafu gari letu likafika soko la Kabuchai. Nilikuwa juu ya kreti, katikati ya kueleza jinsi mahindi yanavyoharibika, kijana mmoja mwenye mdomo akapaza sauti kutoka kwa wauza miwa: "Si kama ghala ya mkwe wako, ile inavuja!" Soko likaangua kicheko. Na mzee alikuwepo. Alisimama nyuma kabisa, na fimbo yake, kofia imeshuka usoni, naye anacheka pamoja nao.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu ukweli, na nilikuwa na hasira ya kutosha kumkata yule kijana maneno. Nikamtazama mzee kwa mbali. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Nikasema, "Ndiyo. Hata ghala likivuja, mahindi yanaota ukungu." Nikaendelea na somo.

Alifariki miaka kadhaa baadaye, na hatukuwahi kusemeshana ana kwa ana hata siku moja. Nikienda Kabuchai siku za mvua kubwa, watu wakiwa ndani, huwa naingia ghalani peke yangu na kusimama chini ya yale mabati nikisikiliza. Mvua inapiga juu mpaka masikio yanauma. Sijawahi kuona hata tone moja likianguka ndani.